Barabara Kuu na Mapito ya Wanyama katika Nchi ya Milima

Mwanafunzi wa Dirma anayesafiri kwa basi kwenda Arusha huziacha nyanda za juu za Hanang na Mbulu, hupita Katesh chini ya mlima, kisha Dareda, Babati na Magugu, na baada ya hapo huingia katika nchi tambarare ambayo Ziwa Manyara liko upande wake wa kushoto. Hapo, karibu na Minjingu, ni eneo liitwalo Kwakuchinja. Akiwa na bahati ataona pundamilia au twiga wamesimama kando ya lami. Abiria hufurahi. Dereva aliyeizoea njia hiyo hafurahi sana, kwa maana anajua kwamba mnyama aliyesimama kando ya barabara hakuja kutazama magari. Anataka kuvuka.

Makala haya yanaeleza kwa nini mnyama huyo anataka kuvuka, kwa nini huvuka pale pale na si pengine, na ni hatua gani zilizokwisha kujaribiwa ili kuvuka huko kusiwe kifo cha wanyama wala cha watu. Somo lenyewe linagusa jiografia, elimu ya viumbe na fizikia kwa pamoja. Walimu wa masomo hayo wanaweza kuligawana.

Mhandisi na tembo

Katika nchi tambarare mnyama ana njia nyingi za kuchagua. Katika nchi ya milima njia ni chache. Upande mmoja kuna ukuta wa Bonde la Ufa, upande mwingine kuna ziwa lenye magadi, na kati yake pamebaki ukanda mwembamba wa ardhi kavu. Tembo mwenye uzito wa tani nne au tano hapandi genge lililo wima. Hutafuta bonde, au mahali ambapo ukingo umeinama, na kwa miaka mingi nyayo zake huchonga njia inayofuata mwinuko mdogo kuliko yote. Mtu akichukua ramani yenye mistari ya kontua anaweza kukisia mapito hayo hata kabla ya kufika mahali penyewe: ni pale mistari inapoachana.

Sasa tumfikirie mhandisi wa barabara. Naye ana mizigo ya kusafirisha, naye hataki mwinuko mkali, kwa sababu lori lililojaa halipandi kwa urahisi na likishuka breki zake hupata moto. Kwa hiyo naye hufungua ramani ile ile na kutafuta pale pale mistari inapoachana. Ndiyo maana katika nchi za milima barabara kuu na mapito ya wanyama hukutana mara nyingi kuliko ambavyo tungetazamia. Si bahati mbaya. Viumbe wawili wenye uzito mkubwa wanaitafuta njia moja. Kwa bahati nzuri jambo lenye sababu huweza kutabirika, na jambo linalotabirika huweza kushughulikiwa mapema, wakati gharama yake ingali ndogo.

Chumvi ya majani

Lakini kwa nini mnyama asikae mahali pamoja? Katika Hifadhi ya Tarangire kuna mto usiokauka. Wakati wa kiangazi nyumbu, pundamilia na tembo hukusanyika kwenye mto huo kwa ajili ya maji. Mvua zinapoanza huondoka, wengine kwenda mashariki katika mbuga za Simanjiro, wengine kwenda kaskazini kupitia Kwakuchinja na pwani ya Ziwa Manyara hadi katika mbuga zinazoelekea Gelai na Ziwa Natron. Mtu angeweza kudhani kwamba wanafuata majani mabichi tu, lakini wakati huo majani mabichi yamejaa hata Tarangire. Wanachokifuata kimo ndani ya majani. Nyasi za zile mbuga, hasa zile zinazoota katika udongo wa majivu ya volkano, zina fosforasi, kalsiamu na protini nyingi kuliko nyasi za Tarangire. Nyumbu jike anayenyonyesha huihitaji fosforasi kwa mifupa ya ndama na kwa maziwa. Akizuiwa asifike huko hafi siku hiyo wala mwezi huo. Huzaa ndama dhaifu, au maziwa yake hupungua, na kundi hupungua polepole bila ya mtu kuona mzoga.

(Msomaji atapenda kujua kwamba Minjingu, palepale katikati ya pito hilo, ndipo inapochimbwa fosfati inayotengenezwa mbolea. Ni mabaki ya vinyesi vya ndege na mifupa ya samaki ya zama ambazo ziwa lilikuwa kubwa zaidi, na kilima cha Minjingu kilikuwa kisiwa. Mkulima na nyumbu wanatafuta madini yale yale.)

Safari hizo si siri mpya. Hugh Lamprey, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, aliandika juu ya mienendo ya wanyama wa Tarangire mwaka 1964. Mwaka 1985 Markus Borner alichapisha makala yenye onyo kwamba hifadhi hiyo ilikuwa ikitengwa na nchi inayoizunguka, pito moja baada ya jingine. Nyumbu wa eneo hilo, ambao katika miaka ya 1980 walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamebaki elfu chache. Itakuwa si haki kuitupia barabara lawama yote. Mashamba yaliongezeka, vijiji vilipanuka, na ujangili ulikuwapo. Hata hivyo barabara huja na mambo hayo yote kwa pamoja: pale lami inapopita ndipo duka linapofunguliwa, kisha nyumba, kisha shamba, na baada ya miaka kumi pito lililokuwa na upana wa kilomita kadhaa limekuwa uchochoro.

Katika milima yenyewe mambo ni vivyo hivyo. Iain Douglas-Hamilton, aliyechunguza tembo wa Manyara kuanzia mwaka 1965 hadi 1970, aliwafuata wakipanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka ziwani hadi katika msitu wa Marang, upande wa Mbulu. Kaskazini zaidi, tembo hushuka kutoka nyanda za Ngorongoro kupitia Upper Kitete hadi Selela. Mapito hayo ni ngazi chache katika ukuta mrefu. Ngazi moja ikizibwa, tembo hawezi kwenda hatua mia pembeni akapata nyingine.

Wazee wa Dirma hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yalipofunguliwa katika nchi ya Hanang, wafugaji wa Kibarabaig walikuta njia za mifugo wao zimelimwa. Shauri lilifika hadi mahakamani. Walichopoteza hakikuwa malisho yaliyolimwa peke yake, bali pia malisho yaliyokuwa ng'ambo ya mashamba, ambayo yaliendelea kuwapo ila hayafikiki. Njia ikikatwa, nchi iliyo mbele yake imekatwa pia.

Hesabu ya breki

Hebu sasa tugeukie upande wa dereva. Barabara ya Singida, Babati na Minjingu, yenye urefu wa kilomita 220 na zaidi, iliwekwa lami kuanzia mwisho wa miaka ya 2000 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kabla ya hapo vumbi na mashimo vilikuwa askari wa barabarani wasiolipwa mshahara: hakuna aliyeweza kwenda mbio. Lami imewaletea wananchi wa Hanang na Mbulu faida ambayo hakuna mwenye akili atakayeikana, kuanzia mgonjwa anayewahishwa hospitali hadi vitunguu na ngano vinavyofika sokoni. Lakini kasi imeongezeka, na hapo fizikia inaanza kudai haki yake.

Umbali ambao gari hutumia hadi kusimama una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni umbali linaokwenda kabla dereva hajakanyaga breki, kwa sababu jicho huona, ubongo huamua, na mguu husogea. Tuchukue sekunde 1.5 kwa kazi hiyo yote. Sehemu ya pili ni umbali baada ya breki kushika. Kanuni yake inajulikana na kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu: mraba wa kasi ugawanywe kwa mara mbili ya mpunguo wa kasi. Kwa gari dogo lenye breki nzuri katika lami kavu tuchukue mpunguo wa mita 7 kwa sekunde kila sekunde.

Gari liendalo kilomita 50 kwa saa linakwenda mita 13.9 kwa sekunde. Kabla ya breki litakwenda mita 21, na baada ya breki mita 14. Jumla ni mita 35. Likiwa katika kilomita 80 kwa saa, jumla inakuwa mita 69. Likiwa katika kilomita 100, jumla ni mita 97. Angalia kwamba kasi imeongezeka mara mbili tu, kutoka 50 hadi 100, lakini umbali wa breki wenyewe umeongezeka mara nne, kutoka mita 14 hadi 55, kwa kuwa nishati mwendo hufuata mraba wa kasi.

Usiku, taa za chini za gari humulika vyema kiasi cha mita 50 mbele. Basi linganisha: dereva wa kilomita 50 anaweza kusimama ndani ya mwanga wake mwenyewe. Dereva wa kilomita 80 hawezi. Anapokiona kitu ameshachelewa, na hakuna ustadi wala uzoefu utakaomwokoa. Isitoshe, taa za chini huelekezwa ardhini. Tembo husimama juu ya mwanga huo, na kinachoonekana ni miguu minne ya rangi ya vumbi ambayo mtu anaweza kuidhania mashina ya miti.

Milimani hesabu ni mbaya zaidi. Lori lenye mzigo haliwezi kupunguza kasi kama gari dogo. Tuchukue mita 5 kwa sekunde kila sekunde. Katika kilomita 80 litahitaji mita 83. Likiwa linashuka mteremko wa asilimia 8, uzito wake mwenyewe unalisukuma mbele na mpunguo unashuka hadi 4.2, sasa litahitaji mita 92. Ongeza kona inayoficha kilicho mbele, ongeza ukungu wa asubuhi wa nyanda za juu, na msomaji ataona ni kwa nini mteremko, kona na pito la wanyama ni vitu vitatu visivyofaa kukutana.

Yaliyojaribiwa

Hatua iliyozoeleka kuliko zote ni kibao chenye picha ya mnyama. Kwa maoni ya mwandishi, kibao peke yake ni hatua ya kutuliza dhamiri. Dereva akipita mara mia bila ya kuona tembo, kibao cha tembo huwa kwake kama mti. Katika Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na inayokatwa na barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa kwa kiasi cha kilomita 50, vibao vimeongezewa nguvu kwa mambo mengine: kikomo cha kasi, matuta, na tozo kwa kila mnyama anayegongwa, kila aina na bei yake. Tuta halihitaji kusomwa. Wanyama bado hugongwa Mikumi, hasa magari yanapofidia muda kati ya tuta na tuta, lakini kanuni ni sahihi: punguza kasi pale wanapovuka.

Wenye magari hulalamika kwamba wanapotezewa wakati. Hebu tupige hesabu. Kipande cha hatari kikiwa na urefu wa kilomita 20, anayekwenda kilomita 100 kwa saa hutumia dakika 12, na anayekwenda 50 hutumia dakika 24. Hasara ni dakika 12. Basi likisimama njiani kwa chakula hukaa zaidi ya hapo.

Hatua ya pili ni kuwatenganisha wanyama na magari, mmoja apite juu na mwingine chini. Mfano ulio karibu nasi, tena wa nchi ya milima, uko Kenya. Kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, tembo wa msituni walikuwa na desturi ya kushuka hadi msitu wa Ngare Ndare na nchi ya Lewa, lakini mashamba makubwa na barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru viliwazuia. Likatengwa pito lenye urefu wa kilomita 14 na uzio pande zote mbili, na chini ya barabara kikajengwa kivuko cha saruji. Kilipofunguliwa, mwanzoni mwa mwaka 2011, tembo dume alipita karibu mara moja, na wengine wakafuata. Mwaka 2013 UNESCO iliziunganisha Lewa na Ngare Ndare na eneo la urithi wa dunia la Mlima Kenya. Hapa Tanzania, chini ya Milima ya Udzungwa, kivuko cha chini kwa ajili ya tembo kiliingizwa katika ujenzi wa lami wa barabara ya Kidatu kwenda Ifakara.

Nchi iliyofika mbali zaidi ni Canada. Katika milima ya Hifadhi ya Banff barabara kuu imewekewa uzio, na vivuko 44, sita vikipita juu na 38 chini. Ajali za magari na wanyama wakubwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini uchunguzi wa huko umeonyesha jambo ambalo wapangaji hulisahau: wanyama wengine, kama vile dubu, walihitaji miaka kadhaa kabla ya kukiamini kivuko. Mtu asiyejua hilo angekwenda baada ya mwaka mmoja, akakuta hakuna nyayo, na kuandika kwamba fedha zimepotea.

Tena uzio usio na kivuko ni ukuta, na kivuko kisicho na pito ni shimo la saruji. Kivuko cha Mlima Kenya kinafanya kazi kwa sababu ardhi ya pande zote mbili imewekwa wazi. Kwakuchinja, kazi hiyo iko mikononi mwa vijiji vilivyounda Jumuiya ya Burunge, vilivyotenga sehemu ya ardhi yao isilimwe na vinapata fedha za utalii. Kila msimu kuna mtu wa kijiji anayepiga hesabu kama fedha hizo zinalingana na mahindi ambayo hakuyapanda, pamoja na yale aliyoyapanda yakaliwa na tembo. Akiona hazilingani, hakuna mhandisi atakayeliokoa pito.

Barabara ijayo

Mambo haya yanazihusu Dirma, Mbulu na Haydom kwa namna ya pekee. Mwaka 2010 ulipotangazwa mpango wa barabara ya kupita kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti, shauri lilipelekwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo mwezi Juni 2014 iliamua dhidi ya barabara ya lami ndani ya hifadhi. Waliotetea Serengeti walionyesha njia nyingine, ya kusini: kutoka Karatu kupitia Mbulu na Haydom, kuvuka mto Sibiti na kuendelea hadi Maswa. Njia hiyo imo katika mipango ya lami ya serikali. Ni njia nzuri, na itahudumia watu wengi zaidi. Lakini haipiti katika nchi tupu. Inapita karibu na bonde la Yaeda, ambako Wahadzabe wanaishi kwa kuwinda na kuchuma, na katika nchi inayounganisha Ziwa Eyasi na nyanda za juu. Itakuwa ajabu tukiepusha nyumbu wa Serengeti wasigongwe na kisha tusiulize ni nani anayevuka barabara huku kwetu.

Jibu la swali hilo halihitaji mamilioni. Barabara ya milimani haiwezi kujengwa bila ya makaravati, kwa sababu kila korongo lina maji yake. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang ulitukumbusha jambo hilo kwa huzuni kubwa, matope na mawe yaliposhuka kwa kufuata makorongo hadi Katesh na vijiji vya jirani na kuua zaidi ya watu 80. Korongo ni njia ya maji; ni njia ya wanyama pia, kwa kuwa lina kivuli, vichaka na mteremko wa wastani. Karavati likijengwa pana na refu kuliko linavyohitajiwa na mvua za kawaida, lenye sakafu ya udongo na ukingo mkavu upande mmoja, litapitisha mafuriko makubwa bila ya kuziba, na katika siku zote zilizobaki za mwaka litapitisha pongo, nguruwe mwitu, fisi, na ng'ombe wa mfugaji. Bomba jembamba haliwasaidii wote hao. Kupanua karavati kwenye karatasi ni kazi ya kalamu; kulipanua baada ya lami kumwagwa ni kuvunja barabara.

Zoezi kwa shule

Shule iliyo karibu na barabara ichague kipande cha kilomita mbili na kukichora kwa kipimo, ikionyesha makorongo, makaravati, kona, miteremko na mashamba. Mara mbili kwa wiki, baada ya jua kuchomoza, wanafunzi watembee kando ya barabara wakiwa na mwalimu, bila ya kukanyaga lami, na waandike kila mzoga: aina ya mnyama, mahali, tarehe. Wasiguse mzoga wowote, kwani kimeta huambukiza watu. Wasiandike wanyama wakubwa tu. Sungura, bundi, kinyonga na nyoka ndio watakaojaza daftari.

Jioni moja kila wiki wamwage majivu au mchanga mwembamba kwenye mdomo wa kila karavati na kuusawazisha kwa tawi. Asubuhi wasome nyayo. Wafugaji wa kijijini watafaa kuwa walimu wa somo hilo. Baada ya msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi, walinganishe ramani ya mizoga na ramani ya nyayo: ni makaravati gani yanatumika, ni yapi yana nyayo zinazofika mdomoni na kurudi, na ni wapi mizoga inarundikana pasipo na karavati lolote. Nakala moja ibaki shuleni na nyingine ipelekwe katika ofisi ya kata, ili ikutwe hapo siku wapima barabara watakapofika na vigingi vyao.